Kuvisha shaba karatasi za molibdeni disalfaidi: hatua ninazofuata hapa Tanga

Molibdeni disalfaidi ni ule unga mweusi wa kulainishia mashine. Ndani yake umepangana kwa matabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri: molibdeni katikati, salfa juu na chini, na unene wa kila tabaka haufiki hata nanomita moja (sehemu ya bilioni ya mita). Tunachokitaka ni hizo salfa za nje, kwani salfa na metali hushikana. Ndiyo maana kijiko cha fedha huwa cheusi ukikitumia kulia yai. Mwaka 2015 watafiti wa Trinity College Dublin, chuo kikuu cha Ireland, walionyesha kwamba asetati (chumvi za asidi ya siki) za nikeli, shaba na zinki hujishika kwenye salfa hizo. Mimi natumia shaba, maana ukikosea unaliona kosa kwa macho.

Hatua ya 1: Kubandua. Tia miligramu 300 za unga katika mililita 60 za alkoholi ya isopropili, uweke chupa kwenye beseni la mawimbi ya sauti kwa saa nne. Badilisha maji ya beseni yakipata joto. Zungusha kwenye sentrifuji (mashine inayotuamisha chembe kwa kuzungusha chupa kwa kasi) mizunguko 1,500 kwa dakika, muda wa dakika 45, kisha chukua kimiminika cha juu, chenye karatasi zilizobanduka na rangi ya kijani iliyofifia.

Hatua ya 2: Shaba. Koroga miligramu 20 za asetati ya shaba katika mililita 20 za alkoholi ile ile, halafu ichuje. Usiruke kuchuja, kwani chembe zisizoyeyuka zitatuama pamoja na karatasi zako. Funika chupa muda wote. Masika hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi na alkoholi huunywa.

Hatua ya 3: Changanya mililita 20 za kimiminika cha hatua ya 1 na mililita 20 za kile cha hatua ya 2, rudisha kwenye beseni nusu saa.

Hatua ya 4: Kuosha. Hapa ndipo nilipopoteza wiki mbili. Nilipata mashapo yenye ukijani nikafurahi, kumbe ilikuwa chumvi iliyolala tu juu ya karatasi. Sasa natuamisha kwa mizunguko 10,000, namwaga kimiminika, naongeza alkoholi safi, natikisa, narudia. Kila mara natia matone mawili ya kimiminika kilichomwagwa kwenye kigae cheupe, juu yake tone la amonia. Pakitokea buluu iliyokolea, shaba huru, isiyojishika kwenye karatasi, bado ipo. Endelea mpaka tone libaki jeupe kama maji. Mabaki yote weka kwenye chupa ya taka yenye lebo. Shaba huua viumbe vya baharini, na mifereji yetu inaishia baharini.

Hatua ya 5: Kuhakiki. Andaa chupa ya pili isiyotiwa shaba, uioshe vivyo hivyo. Kwenye kipima mwanga, kinachoonyesha mwanga wa rangi gani umefyonzwa, vilele viwili vya karibu nanomita 610 na 670 vionekane katika chupa zote mbili: karatasi hazijaharibika. Kwenye kipimo cha infraredi (mwanga usioonekana kwa macho), alama za asetati zionekane kwenye ile yenye shaba peke yake. Zikionekana kwenye zote mbili, vyombo vyako vilikuwa vichafu, anza upya.