Kabla Hujalipia Navigesheni Iliyomo Ndani ya Gari

Mwaka jana nilimsindikiza shemeji yangu kwenye yadi moja ya magari hapa Dar es Salaam. Muuzaji alituonyesha magari mawili ya aina moja na mwaka mmoja, yote kutoka Japani, ila moja lilikuwa ghali zaidi kwa sababu, kwa maneno yake, "hili lina navigesheni," yaani mfumo wa ramani unaomwonyesha dereva njia. Aliwasha swichi, skrini ikawaka, sauti nyororo ya mwanamke ikasema jambo kwa Kijapani, kisha mshale mwekundu ukatokea katikati ya eneo tupu la bluu lisilo na barabara wala jina la mahali. Shemeji alivutiwa na upana wa skrini. Mimi nilimwomba muuzaji aiambie navigesheni hiyo itupeleke Kariakoo. Alibonyeza mara tatu, nne, kisha akasema kazi hiyo ataimalizia fundi tukishanunua.

Ombi hilo ndilo kipimo cha kwanza, nami namshauri kila mnunuzi alitumie kabla fedha haijatoka mkononi: taja mahali unapopajua vizuri, tena ikiwezekana pawe mbali na katikati ya mji kuliko Kariakoo, uombe mfumo ukuonyeshe njia ya kufika huko hapohapo yadini. Ikiwa hauwezi leo, uhesabu kwamba unanunua redio yenye kioo kikubwa, na bei yake iwe ya redio.

Sababu ya mshale ule kuelea kwenye bluu inafaa kueleweka, kwa kuwa wauzaji wengi huieleza visivyo. Navigesheni ina sehemu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni kipokezi cha GPS, ambacho husikiliza satelaiti zinazozunguka dunia nzima, na kikizisikia nne au zaidi hukokotoa mahali gari lilipo bila malipo yoyote na bila bando. Sehemu hiyo hufanya kazi Temeke kama ilivyofanya kazi Osaka. Ya pili ni ramani, ambayo katika magari ya Kijapani huhifadhiwa kwenye DVD, kwenye diski iliyo ndani ya redio, au kwenye kadi ya SD, na ramani hiyo ni ya Japani peke yake. Kwa hiyo gari linajua kabisa liko wapi, ila halina mchoro wa mahali hapo. Hata taarifa za foleni ambazo mifumo hiyo husifiwa nazo hutoka kwenye huduma ya VICS, iliyoanza mwaka 1996, inayorusha habari za barabara za Japani kwa redio na kwa vifaa vilivyofungwa kandokando ya barabara za huko. Mitaa mingi ya Japani haina majina, na ndiyo maana mifumo yao humruhusu dereva kutafuta mahali kwa kuandika namba ya simu ya duka au hoteli anakokwenda. Tatizo hilo tunalijua vizuri sisi tusio na majina kwenye vichochoro vyetu, lakini namba zilizomo humo ni za Japani.

Muuzaji atakuambia kwamba yuko fundi anayeweza kuingiza ramani ya Tanzania au Kenya na kuibadilisha lugha iwe Kiingereza. Mwambie amlete fundi huyo kwanza, kazi ifanyike, uione, ndipo ulipe. Programu za redio hizo ziliandikwa kwa ajili ya soko la Japani, na kuzibadilisha si sawa na kuingiza nyimbo kwenye flashi. Kazi ikikatika katikati, redio nzima inaweza kugoma kuwaka.

Liko jambo jingine ambalo halisemwi yadini. Redio nyingi za aina hiyo hujifunga pale betri inapotolewa, na haziwaki tena mpaka ziandikiwe namba ya siri au zirudishiwe kadi yake ya awali. Gari langu la kwanza lilinifundisha hilo siku ya Jumamosi, nilipobadilisha betri na kukuta skrini imebaki na maandishi ya Kijapani yasiyoondoka, redio imenyamaza, na kamera ya kurudi nyuma, ambayo nilikuwa nimeizoea, imepotea pamoja nayo kwa sababu ilitegemea skrini hiyohiyo. Kwa hiyo fungua kidirisha cha kadi uone kama kadi imo, uliza kama namba ya siri inajulikana, na ikiwezekana mwombe fundi umeme achomoe waya wa betri kwa dakika chache kisha aurudishe ukiwa umesimama hapo. Muuzaji anayekataa jambo hilo dogo ameshakupa jibu.

Hata pale ramani ya Afrika Mashariki inapokuwemo kweli, kama ilivyo katika baadhi ya magari mapya na katika baadhi ya magari yaliyotumika Afrika Kusini au Ulaya, umri wake lazima upimwe. Usihangaike na namba za matoleo zilizofichwa ndani ya menyu. Iulize ramani kuhusu barabara. Kwa Dar es Salaam, iombe ikutoe Oysterbay ikupeleke mjini uone kama inalijua Daraja la Tanzanite, lililoanza kutumika 2022, au iangalie makutano ya Ubungo kama inazionyesha barabara za juu za Kijazi, zilizozinduliwa 2021. Kwa Nairobi, itafute barabara ya Expressway inayotoka Mlolongo kwenda Westlands, iliyofunguliwa 2022. Kwa wanaosafiri kanda ya Ziwa kipimo ni chepesi zaidi: omba njia ya kutoka Mwanza kwenda Sengerema kupitia Kigongo na Busisi, na ikikuandalia kivuko badala ya daraja lililozinduliwa 2025, umeshajua ramani hiyo ni ya lini. Baada ya hapo uliza masasisho yanatoka wapi, yanagharimu kiasi gani kwa mwaka, na kama yanaihusu nchi yako au yanaishia Afrika Kusini. Nchini Kenya, ambako gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, ramani ya gari linaloingizwa sasa huenda ikawa ya kizazi cha karibuni. Tanzania, ambako magari ya miaka 15 yamejaa barabarani, usitarajie hivyo.

Lakini swali ninaloliona kubwa kuliko yote hayo haliko ndani ya gari. Jiulize: unapokwenda mahali usipopajua, habari za mahali hapo hukufikia kwa njia gani? Wengi wetu hatupewi jina la mtaa na namba ya nyumba, ingawa tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022 namba zimebandikwa kwenye milango mingi. Tunatumiwa lokesheni kwa WhatsApp. Ukumbi wa harusi, nyumba ya msiba, kiwanja kinachouzwa, mteja anayesubiri mzigo, vyote hufika kwenye simu kama alama moja ya kubonyeza, pamoja na maneno ya ziada ya aina ya "ukifika kwenye transfoma, ingia kushoto." Navigesheni ya gari isiyounganishwa na simu haiwezi kuipokea alama hiyo. Itakubidi unakili tarakimu za latitudo na longitudo moja baada ya nyingine kwa kidole, na mara nyingi dereva mwenye haraka ataacha na kushika simu. Mtu wa namna hiyo, na mimi ni mmoja wao, atakuwa amelipia kitu ambacho mazoea yake yenyewe yatakiacha bila kazi.

Kinachostahili fedha, kwa maoni yangu, ni skrini inayokubali simu. CarPlay ya Apple imekuwepo tangu 2014 na Android Auto tangu 2015, na gari lenye mojawapo huichukua ramani ya simu, pamoja na lokesheni uliyotumiwa na hali ya foleni ya wakati huo, na kuionyesha kwenye kioo cha gari huku sauti ikitoka kwenye spika. Katika hali hiyo hata menyu ikiwa ya Kijapani haikusumbui sana, kwani ramani huja na lugha ya simu yako. Ijaribu kwa simu yako mwenyewe, wala usiridhike na simu ya muuzaji, na uende na waya mzuri, maana nyaya nyingi za bei nafuu huchaji tu, hazipitishi data, na unaweza kulikataa gari zuri kwa kosa la waya.

Wako watu ambao navigesheni ya ndani inawafaa kweli, na nisingependa wakatishwe tamaa. Anayeendesha masafa marefu kila wiki, akipita maeneo ambayo mtandao wa simu hupotea kwa saa nzima, atafaidika na ramani inayokaa ndani ya gari. Vilevile mifumo bora ya ndani husoma mwendo wa magurudumu na namna gari linavyogeuka, hivyo huendelea kukadiria mahali ulipo hata satelaiti zinapozibwa na majengo marefu au handaki. Uwezo huo ni wa thamani kubwa kwa dereva wa Tokyo. Kwa dereva wa Singida, mwenye anga wazi juu yake siku nzima, ni wa thamani ndogo. Na kwa wanaopeleka watalii porini, chaguo linalostahili kutazamwa kwanza ni kifaa cha navigesheni cha kampuni ya Garmin chenye ramani za Tracks4Africa, zinazoonyesha njia za porini Afrika, ambacho unaweza kukihamisha kutoka gari moja hadi jingine.

Anayeamua kubaki na simu naye ana kazi ya kufanya. Pakua ramani ya mkoa mzima ukiwa kwenye mtandao wa uhakika, na uisasishe mara kwa mara, kwa sababu ramani zilizopakuliwa kwenye Google Maps huisha muda wake. Weka pia programu ya pili inayotumia OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, kama Organic Maps au OsmAnd, ambazo hufanya kazi bila mtandao kabisa. Kwa Dar es Salaam ramani hiyo ina vichochoro vingi, na sababu mojawapo ni mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walipita mitaani wakichora njia, mitaro na majengo ili miji ijiandae na mafuriko. Nunua kishikio kinachobana imara, na ukiweke mbele ya tundu la kiyoyozi badala ya juu ya dashibodi, kwa kuwa simu iliyo kwenye jua la saa nane mchana huku ikichajiwa hupata joto, hufifiza kioo na mwisho hujizima, mara nyingi ukiwa kwenye mzunguko usioujua. Lokesheni iwekwe kabla gari halijaondoka.

Njia ya kati ni kuitoa redio ya Kijapani na kufunga ya Android, yaani redio ya skrini inayotumia programu kama za simu. Faida yake ya pembeni ni kwamba redio za zamani za Japani hupokea FM kati ya megahezi 76 na 90 tu, kwa hiyo stesheni zetu nyingi zilizo juu ya hapo hazisikiki bila kifaa cha ziada, na redio mpya huliondoa tatizo hilo pamoja na la ramani. Hata hivyo mkubaliane na fundi kabla hajafungua chochote: atumie soketi maalumu ya gari lako bila kukata nyaya, kamera ya nyuma na vitufe vya usukani viendelee kufanya kazi, na antena ya GPS aiweke chini ya kioo cha mbele, si nyuma ya bati, kwa maana antena iliyofichwa chini ya chuma hukupeleka barabara ya jirani.

Shemeji alilinunua lile gari la bei ya chini. Sehemu ya tofauti iliyobaki tulinunulia matairi, kwa kuwa yale yaliyokuja nalo yalikuwa yameanza kupasuka pembeni, na kwa fedha kidogo alipata kishikio na chaja yenye nguvu. Safari yake ya kwanza ilikuwa msibani, Mbezi kwa Msuguri, usiku, kwa lokesheni aliyotumiwa na mpwa wake.