Jiko la roketi kwa debe moja na makopo matatu

Vitu vyote vya jiko hili utavipata kwa wanunuzi wa vyuma chakavu au nyuma ya nyumba yako: debe la mafuta ya kula, makopo mawili makubwa ya maziwa ya watoto (yale ya gramu 900, kipenyo karibu sentimita 12.5), kopo dogo la gramu 400 (kipenyo sentimita 10), vipande viwili vya nondo ya milimita 10, waya wa kufungia nondo, kipande cha kigae au tofali, kipande cha bati, udongo wa mfinyanzi, na majivu ya kujaza ndoo ya lita 20. Hakuna kuchomelea.

Naandika baada ya kulifumua jiko la shemeji yangu huku Ifakara na kulipanga upya. Alitengenezewa na fundi wa mtaani. Kwa nje lilipendeza, limepakwa rangi na kutiwa vishikio, lakini lilikuwa likiwaka vizuri kama robo saa, kisha moto unadidimia na moshi unarudi mdomoni. Kila aliyelitazama alilaumu kuni. Kuni hazikuwa na kosa, na kosa lenyewe liko kwenye hatua ya tatu. Ukiwa na jiko la namna hiyo tayari, ruka moja kwa moja hadi hapo.

Umbo lenyewe si letu wala si la fundi yeyote wa hapa. Lilitoka kwa Larry Winiarski na wenzake wa kituo cha Aprovecho, Oregon, Marekani, miaka ya 1980. Kuni zinaingia kwa mlalo, moto unapanda kwenye bomba fupi la wima, na bomba hilo limezungukwa na kitu chepesi kinachozuia joto lisitoroke. Kwa kuwa bomba linabaki na joto kali, moshi wenyewe unaungua humo ndani kabla ya kufika kwenye sufuria. Ukilinyima bomba joto hilo, umebaki na kopo la kufukizia macho.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, gesi ninayo. Najua mkakati wa Serikali wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini mtungi ukiisha tarehe 20, maharage hayasubiri mshahara.

Hatua ya 1: Kuchagua na kukataa

Debe liwe lile la bati la mraba, kimo sentimita 35 hivi na upana 23 na ushei. Kutu ya juu juu si neno. Likiwa limetoboka chini, achana nalo.

Kopo lililowahi kubeba dawa ya kunguni, ya mimea au ya mifugo usilichukue hata ukipewa bure. Na sehemu ya ndani, palipo na moto, usiweke kabisa bati la paa wala bomba la maji lililopakwa zinki. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi 420 hivi, na moto wa jiko hili unavuka hapo bila shida. Joto likizidi inatoa moshi mweupe, na ukiuvuta utalala na homa na kutetemeka usiku kucha.

Zana: mkasi wa bati, plaizi, nyundo, patasi ya chuma, glavu za ngozi. Grainda waachie wanaotengeneza mageti. Kwenye bati jembamba inarukaruka, inachana ukingo na kuacha meno ya kukukata vidole. Mkasi wangu una mipini mirefu, na siukopeshi.

Hatua ya 2: Kukata debe

Toa uso wa juu wote kwa patasi ukifuata ndani ya ukingo. Ukingo wenyewe uache, ndio unaolishika debe lisipinde na ndio utakaobeba nondo. Uso uliotoka ni mfuniko wako wa baadaye: utoboe tundu katikati la kupitisha kopo kubwa.

Ubavuni chora duara la kopo dogo, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 4 kutoka sakafu ya debe. Usikate kwenye mstari huo. Kata duara dogo zaidi ndani yake, sentimita moja pande zote, halafu chana mpaka kwenye mstari. Vilimi vinavyobaki vikunje kwa ndani. Kopo likipita vinalibana.

Hatua ya 3: Bomba la ndani

Hapa usiwe na haraka. Ukishindwa kumaliza leo, malizia kesho.

Kopo kubwa la kwanza (la chini) libaki na sakafu yake. Ubavuni mwake kata tundu litakalopokea kopo dogo, likianzia sentimita moja juu ya sakafu. Wengi huchora duara la sentimita 10, wakakata, wakashangaa kopo dogo linagoma kuingia. Ubavu wa kopo umepinda, kwa hiyo duara ulilolichora kwa kulizungushia karatasi linakuwa jembamba ukilitazama kwa mbele. Chora yai lililolala: kimo sentimita 10, upana 11.5. Hapo linaingia.

Kopo dogo litoe pande zote mbili. Upande utakaoingia ndani, kata ule ukingo mgumu, kisha chana vilimi: vya juu na chini virefu sentimita 4, vya ubavuni sentimita 1.5. Tofauti hiyo inatokana na mpindo uleule, kwamba ukuta wa kopo kubwa uko karibu juu na chini, na uko nyuma zaidi pembeni.

Sasa mpangilio, na usiubadilishe. Weka kipande cha kigae au tofali chenye unene wa sentimita 3 katikati ya sakafu ya debe. Simamisha juu yake kopo la chini, tundu likitazamana na tundu la debe. Sukuma kopo dogo kutoka nje, lipite debe, liingie kwenye kopo kubwa. Vaa glavu, ingiza mkono kwa juu, uvikunje vilimi vyote vilale kwenye ukuta wa ndani. Vya chini vitalala sakafuni, viache. Ukitangulia kufunga kopo la juu, mkono hautafika huko, na utafumua kila kitu.

Kisha kopo la pili, la juu, lililotolewa pande zote mbili. Hapa ndipo fundi wa shemeji alipoharibu, na nimewaona wengi wakifanya vilevile kwa sababu ndiyo njia rahisi: alilibana kopo la juu na kulichomeka ndani ya la chini. Linaingia vizuri, linasimama imara, na kwa macho hakuna ubaya. Lakini nje ya bomba kutakuwa na majivu, laini kuliko unga wa sembe, na kiungo cha namna hiyo kinayafungulia mdomo yaingie. Kila ukitua sufuria debe linatikisika, majivu yanateremka chembechembe hadi kwenye moto. Yanajaza nafasi ya hewa chini ya kuni, moto unakosa pumzi, moshi unarudi. Huku juu, mahali majivu yalipotoka panabaki wazi, bomba linapoa, na debe kwa nje linakuwa la moto kiasi cha kuunguza mkono. Shemeji aliniambia, "Hili jiko linakohoa majivu," na hakukosea.

Fanya kinyume. Bomba lipandane kama mabati ya paa, la juu lilifunike la chini kwa nje. Kata ukingo mgumu wa kopo la chini, chana kila baada ya upana wa kidole kwa kina cha sentimita 2, kisha banabana vilimi kwa plaizi viinamie ndani kidogo. Vika kopo la juu kwa nje lishuke sentimita 2. Zungusha waya mara mbili, uunyonge kwa plaizi mpaka kopo lisizunguke kwa mkono.

Halafu paka viungo vyote kwa nje: udongo wa mfinyanzi na majivu yaliyochekechwa, nusu kwa nusu, maji kidogo tu, mchanganyiko uwe mzito. Usisahau pale kopo dogo linapoingia kwenye kubwa, hasa juu yake, na pale linapopita kwenye debe. Uache ukauke kivulini siku nzima. Ukikausha juani au kwa moto unapasuka na unarudi mwanzo. Saruji usijaribu, haivumilii moto wa namna hii, itakatika vipande. Na kupaka kwa ndani ili kuokoa muda hakusaidii, joto la kwanza tu linaubandua.

Pima kimo kabla ya kuendelea: laza rula juu ya ukingo wa debe. Mdomo wa bomba uwe chini ya rula kwa sentimita 2. Likizidi, punguza kopo la juu kwa mkasi. Usiguse kile kigae cha chini, kwa sababu ukikihamisha tundu la debe na la kopo hayatalingana tena.

Hatua ya 4: Majivu

Ifakara tuna bahati ya mashine za mpunga. Majivu ya pumba ndiyo bora kuliko yote niliyotumia: mepesi, na hayashikani. Ya kuni za kawaida yanafaa pia. Yachekeche, utoe kila kipande cha mkaa, maana mkaa ukibaki utaungua polepole humo ndani na kuacha mashimo. Funga kitambaa puani, vumbi la majivu ya pumba si la kuchezea.

Yawe makavu. Majivu yenye unyevu yatakula moto wako wote kwanza kuchemsha maji yake.

Mimina kidogo kidogo kuzunguka bomba, ukigonga debe ubavuni. Usishindilie. Kinachozuia joto ni hewa iliyokamatwa katikati ya chembe, na ukishindilia unaifukuza. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaojaza udongo. Udongo mzito unameza joto nusu saa nzima kabla sufuria haijapata lolote. Jiko la udongo linafaa kwa anayepika kutwa, si kwa chai ya asubuhi.

Yakifika karibu na mdomo wa bomba, simama. Gonga debe kwa nguvu pande zote nne, halafu mulika ndani kwa tochi ya simu kupitia mdomo wa kuni. Sakafu ikiwa safi, endelea. Ukiona kichuguu cha majivu, mimina yote kwenye ndoo, tafuta kiungo kinachovuja, paka tena, subiri tena. Inaudhi, lakini ni afadhali leo kuliko sufuria ikiwa jikoni.

Funika kwa ule uso uliokata, bomba lichomoze kwenye tundu lake. Mwanya ukibaki, upake udongo.

Hatua ya 5: Kibao cha kuni na nondo

Kata kipande cha bati, upana kiasi cha kukaa theluthi moja ya kimo cha kopo dogo kutoka chini. Kuni juu, hewa chini. Kiishie pale bomba la wima linapoanza, kisiingie ndani.

Nondo mbili zilale sambamba juu ya ukingo wa debe, ncha zikikunjwa chini kila upande zisiteleze. Sufuria itakaa sentimita 3 juu ya bomba na sentimita 1 juu ya ukingo, na hewa ya moto itapita humo ikilamba tako zima la sufuria. Usiongeze nafasi ukidhani moto utapumua zaidi. Utapasha joto ukuta wa jikoni.

Kwa chai na wali hiyo inatosha. Kwa ugali, debe ni jepesi na mwiko una nguvu. Lichimbie chini sentimita chache upande usio na mdomo wa kuni, au libane kwa matofali matatu. Usimwachie mtoto alishike.

Hatua ya 6: Kuwasha

Karatasi na vijiti vya kuwashia, kisha kuni kavu za unene wa kidole gumba, tatu au nne, ukizisukuma kadiri zinavyoungua. Usiujaze mdomo. Moshi wa mwanzo ni wa kawaida, na bomba likishapata moto unakatika. Ukiona unaendelea, toa kuni moja kabla ya kuongeza nyingine. Pikia nje au penye dirisha wazi, hata moto usio na moshi unatoa hewa yenye sumu.

Kopo likitoboka

Litatoboka, bati la maziwa ni jembamba. Kwanza utaona ukuta wa nyuma wa kopo la chini, ule unaotazamana na mdomo wa kuni, unakuwa mwekundu wa kutu na kubanduka maganda. Majivu yatarudi sakafuni ndani ya jiko. Mimina majivu kwenye ndoo, toa bomba, weka makopo mapya, rudishia majivu yaleyale. Mimi hukusanya makopo kwa majirani wenye watoto wachanga, yako darini yakisubiri.

Anayetaka bomba la kudumu akatafute bati la pipa la lita 200, ambalo lina unene wa milimita moja hivi, fundi amkunjie bomba la vipimo hivihivi. Ila aulize kwanza pipa lilibeba nini. Lililobeba petroli au thina lisiguswe na grainda wala gesi ya kuchomelea kabla ya kuoshwa na kujazwa maji, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.