Jinsi ya kusoma rivyu za albamu ya solo bila kuburuzwa: tuanze na Mr. Bad Guy ya Freddie Mercury

Wadau wa Mbeya na nyanda za juu kusini kwa ujumla, kuna kitu kinaniuma sana. Mtu anakaa kijiweni Mwanjelwa anakwambia albamu fulani ni mbovu, ukimuuliza umeisikiliza anasema hapana ila wachambuzi waliiponda. Basi imetoka hiyo, hadi yule wa saluni ya jirani naye anarudia hivyohivyo. Kwahiyo naandika hapa namna ya kuzisoma hizo rivyu, yaani maandishi ya wachambuzi wa muziki, hasa za mwimbaji wa rock aliyetoka kwenye bendi akafanya kazi yake mwenyewe, maana hao ndo wanaonewa kuliko wote. Mfano wangu ni Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 jina lake Farrokh Bulsara, na albamu yake Mr. Bad Guy iliyotoka Aprili 1985.

Cha kwanza kabisa, sikiliza kabla hujasoma chochote. Najua bando ni pesa, sasa shusha usiku kwenye bando la usiku nyimbo zote 11 zikae kwenye simu, alafu tafuta hedifoni hata za bei ya chini, usitumie spika ya simu kwa sababu besi inapotea yote na hii albamu imejengwa juu ya besi na vinanda vya umeme. Na kwa huku kwetu usijaribu mchana wa masika, mvua ya Mbeya ikianza kupiga bati hata mpiga ngoma humsikii. Sikiliza mara mbili, andika pembeni nyimbo zilizokushika na zilizokuchosha. Hiyo karatasi itunze.

Sasa fungua rivyu. Kitu cha kuangalia mapema kuliko hukumu yenyewe ni huyu mtu analinganisha na nini. Lalamiko linalorudi mara nyingi kuhusu Mr. Bad Guy ni kwamba imejaa disko na sintesaiza, gitaa la Brian May, mpiga gitaa wa Queen, halipo. Kweli halipo, gitaa kapiga Paul Vincent na ngoma kapiga Curt Cress, wamerekodi studio ya Musicland kule Munich, Freddie mwenyewe akiwa prodyuza pamoja na Reinhold Mack. Ila kusema "hii sio Queen" hakukwambii kama wimbo ni mzuri au mbaya, kunakwambia tu mwandishi alikuja na hamu ya kitu kingine. Mdogo wangu mmoja anayenyoa pale Kabwe alinibishia kweli, "bro lakini hii haina nguvu ya Queen", nikamwambia sawa mdogo wangu, nitajie wimbo gani na sehemu gani haina nguvu. Akatulia, akarudi kusikiliza. Hilo swali liulize kila rivyu: wimbo gani, sehemu gani. Rivyu isiyotaja hata wimbo mmoja kwa undani iache ipite, usipoteze muda.

Angalia pia imeandikwa lini, hapa ndo pana utamu wenyewe. Mwaka 1985 mwanzoni mashabiki wengi wa rock walikuwa bado na kinyongo na Hot Space, albamu ya Queen ya 1982, ile ya disko na fanki, kwahiyo Freddie kuja peke yake na mdundo wa klabu walimpokea wakiwa wameshanuna. Live Aid, lile tamasha kubwa la hisani ambalo Queen walipiga, ilikuwa bado, ilikuja Julai 13 mwaka huohuo na ikarudisha heshima ya bendi nzima. Mtu aliyeandika Mei 1985 na aliyeandika baada ya Freddie kufariki Novemba 1991 hawawezi kuongea sauti moja, huyu wa pili tayari anaomboleza, atasamehe mengi. Wala simlaumu. Wewe jua tu umesimama upande gani unaposoma.

Chati nazo, yaani orodha za mauzo, usizichanganye na ubora. Uingereza albamu ilifika namba 6, Marekani ikaishia 159, sasa nani kasema kweli hapo? Na uchukue Living on My Own, mwaka 1985 ilipotolewa kama singo, yaani wimbo mmoja peke yake, ilikwama namba 50 Uingereza, wakaja kuimiksi upya 1993 ikapanda hadi namba 1. Sauti ni ileile aliyorekodi Freddie, kilichobadilika ni mdundo na masikio ya watu.

Hapa kuna zoezi ambalo nalipenda kuliko yote na naomba ulifanye kweli usilisome tu. Chukua I Was Born to Love You ya 1985, sikiliza mpaka mwisho. Alafu weka ileile kwenye albamu ya Queen ya 1995, Made in Heaven, ambapo wenzake watatu walichukua sauti yake wakapiga vyombo upya. Ya kwanza inakimbia na kinanda, ni ya kucheza, ya pili gitaa la May linaingia kwa kishindo na ngoma za Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, zinapiga kifuani. Sasa mwimbaji ni yuleyule na maneno ni yaleyale, kwahiyo kama ya pili umeipenda na ya kwanza hukuipenda, maana yake hukuwa na tatizo na utunzi wa Freddie, tatizo lako ni vyombo. Rivyu nyingi zinakosa kutenganisha hivyo vitu viwili, zinasema nyimbo dhaifu wakati masikio yao yanatafuta gitaa. Mimi kwa maoni yangu There Must Be More to Life Than This ni utunzi wa daraja la juu hata ukiupiga kwa piano peke yake, na Foolin' Around ni ya kawaida tu, hata angepiga nani.

Soma na jalada la ndani, wachambuzi wengi wanaliruka. Freddie aliandika albamu ni ya paka wake Jerry, na Tom na Oscar na Tiffany na wapenda paka wote. Mtu anayetoa kazi na maneno hayo alikuwa anajifurahisha kwa uhuru, hakuwa anashindana na bendi yake, na ukiisikiliza ukijua hivyo utaelewa kwanini inaruka kutoka disko hadi okestra ya wimbo wa Mr. Bad Guy wenyewe.

Mwisho chukua ile karatasi yako ulinganishe na rivyu, pale mnapopishana ndo pa kurudia kusikiliza, alafu uandike yako, taja wimbo, taja dakika, taja chombo. Na uandike umesikiliza toleo la mwaka gani kwa sababu 2019 albamu nzima ilimiksiwa upya, anayekusoma akiwa na ile ya 1985 mtabishana usiku kucha kuhusu ngoma ambazo kwake zinasikika tofauti.