Somo: Mgongo unaouma kila siku, na namna ya kuishi nao bila vidonge

Wapendwa, sizungumzii mgongo ulioteguka juzi ukinyanyua gunia. Nazungumzia ule uliovuka miezi 3, yaani maumivu sugu. Mimi ni fundi cherehani na wangu una miaka 6 sasa. Nimemeza vidonge vya maumivu, diklofenaki, mpaka tumbo likawaka moto. Aliyenitoa huko ni mtaalamu wa mazoezi tiba, na swali lake la kwanza lilinishangaza: "Unakaa dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza?" Sikuwa na jibu. Mimi nilikuwa nayajua yakishafika tu.

Kabla ya yote. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au mguu ukiisha nguvu, nenda hospitali leo hii, usimalize hata kusoma. Homa, jasho la usiku na kukonda navyo si vya kuvumilia. TB ya mgongo ipo na ina dawa zake, hakuna mazoezi yanayoitibu. Na kama upo kwenye dozi uliyoandikiwa, usiikate mwenyewe.

Hatua ya 1: pima muda wako. Kwa siku 3 fanya kazi kama kawaida, ila tazama saa yanapoanza kupanda. Mimi nilipata dakika 40, 25 na 35. Wastani ni kama 33, nikashusha nikaanzia 25.

Hatua ya 2: inuka kwa saa, usisubiri maumivu. Hapa ndipo somo lilipo. Kila dakika 25 alamu ya simu inalia na mimi nasimama, hata kama siumwi. Hasa kama siumwi! Maana siku ya nafuu ndiyo inayotuua: unajisikia mzima, unasema leo namaliza sare zote za kamati ya harusi, kesho yake unageuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Unalala siku 3, misuli inalegea, ukirudi kazini unachoka mapema kuliko mwanzo.

Mwanzoni alamu ilikuwa ikilia nami najiambia, "Ngoja nimalizie pindo hili." Pindo likazaa pindo. Dawa yake niliipata kwenye cherehani yenyewe: naizamisha sindano kitambaani pale pale nilipofika, mshono hauhami, naenda hadi kwa muuza maji na kurudi. Dakika 3, basi. Wiki ikipita salama naongeza dakika 2. Leo nipo kwenye 50, na ilinichukua miezi mingi, nisiwadanganye.

Hatua ya 3: tembea. Mwaka 2024 yalitoka matokeo ya utafiti wa Australia kwa watu ambao mgongo ulikuwa umewapoa. Waliopewa mpango wa kutembea walikaa kama siku 208 kabla haujarudi. Wasiopewa, siku 112. Lengo lilikuwa kufika dakika 30, mara 5 kwa wiki, ndani ya miezi 6. Usianze na 30. Mimi nilianza kwa kushuka daladala kituo kimoja kabla.

Hatua ya 4: tuliza hofu. Mishipa ya fahamu iliyozoea maumivu ni kama mbwa ambaye nyumba yake iliwahi kuvamiwa: sasa anambwekea hata mwenye nyumba. Kumpigia kelele kunamzidishia. Jioni nalala chali, miguu juu ya stuli, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga chini ya kiuno, navuta pumzi taratibu na kuitoa taratibu zaidi. Robo saa inatosha.

Maswali ya wanachama

*Dada fundi, MRI yangu inasema pingili zimesagika. Nitembee kweli?*
Muulize daktari wako kwanza, ila neno hilo lisikutishe peke yake. Watu wasio na maumivu yoyote wamepigwa picha hizo, na diski zilizochakaa (vile vimto vilivyo kati ya pingili) zikaonekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Ni kama mvi.

*Mkanda wa kiuno je?*
Niliununua, kwa hela ya gauni mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 kuhusu mgongo sugu unashauri mikanda isitolewe kama tiba ya kawaida. Wangu sasa unafungia majora.

*Binti, mimi ni dereva wa lori. Nikisimama kila dakika 25 mzigo utafika lini?*
Shikamoo mzee. Hiyo 25 ni yangu, wewe pima yako. Alamu ikilia na barabara hairuhusu, badili mkao, sogeza kiti, egemea upande mwingine. Na kwenye mzani wa kupimia malori usisubiri ndani ya kabini.

*Marahaba. Kutoka Vigwaza mpaka mzani wa Mikese nakaa tu, na Mikese huwa nalala kwenye usukani nikisubiri foleni.*
Basi anzia hapo Mikese, mzee. Foleni ikisimama, shuka ulizunguke lori mara 2 ukikagua matairi.