Kumvua Perege kwa Ndoano Bwawani Hombolo

Wengi wanaotoka Dodoma mjini kwenda Bwawa la Hombolo kuvua hurudi mikono mitupu kwa sababu moja: hubeba ndoano ya kambale huku wakimtafuta perege. Kambale ana mdomo mpana na hufuata chochote kinachonuka, lakini perege ana kinywa kidogo na hudonoa chambo kidogo kidogo, hivyo ndoano kubwa itamlisha mchana kutwa bila kumnasa. Tafuta namba 8 au 10, ukikumbuka kwamba kwa ndoano hizi namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo.

Kabla ya kutega, muulize ofisa uvuvi wa eneo hilo kuhusu leseni, kwani Sheria ya Uvuvi ya 2003 inahusu mabwawa pia.

Funga mshipi mwembamba wa nailoni kwenye ufito wa mita tatu hivi, weka chubwi ndogo, yaani kizito cha kuzamisha chambo, shubiri moja juu ya ndoano, kisha chelezo, yaani kielea kinachoonyesha samaki anapodonoa. Kwa chelezo, kipande cha kandambili chakavu kinatosha, na sioni sababu ya kununua cha dukani. Chambo bora ni nyungunyungu, ila wakati wa kiangazi, ardhi inapokauka wasipatikane, ugali mgumu uliofinyangwa kama punje ya mbaazi hufaa.

Linalohitaji uangalifu zaidi ni namna ya kuyakaribia maji. Perege hutegemea macho, kwa hiyo kivuli chako kikitangulia majini, au ukikanyaga ukingo kwa kishindo, kundi zima hutawanyika na unaweza kungoja nusu saa kabla halijarudi. Fika alfajiri, kaa upande ambao jua litakupiga usoni ili kivuli kiangukie nyuma yako, kisha utege kando ya matete. Usiingie majini, kwa kuwa maji tulivu yenye konokono huweza kuwa na kichocho. Upepo wa mchana ukianza, chelezo huyumba hata usiutambue mdonoo, hivyo rudi nyumbani. Wakati wa masika, maji yakijaa tope, perege haoni chambo, na hapo ndipo ile ndoano ya kambale inapofaa, maana yeye huongozwa na sharubu zake.

Chelezo kikitikisika, usivute. Subiri kizame au kiambae upande mmoja, ndipo unyanyue ufito kwa kifundo cha mkono tu, kwa sababu mdomo wa perege ni mwororo na huchanika. Mshike kuanzia kichwani kuelekea mkiani, ukiilaza miiba ya mgongoni. Aliye mdogo kuliko kiganja mrudishe majini kwa mikono iliyolowa. Wengine watoe matumbo papo hapo, uwafunike kwa majani mabichi na kuwaweka kivulini.