Vuli inakuja: anza na pikipiki, mashine ya kusaga ifuate

Mwisho wa Septemba huku kwetu mawingu yanaanza kujikusanya jioni upande wa ziwani, yanatisha kidogo alafu yanatawanyika hamna hata tone, na hapo ndo mzee wangu anaanza swali lake, "mashine umeshaiangalia?" Ukijibu bado, anaguna tu anageukia redio. Kwaiyo miaka kadhaa sasa ikifika hiyo wiki naacha shughuli za mjini narudi nyumbani mpaka katikati ya Oktoba, na nilichojifunza tena kwa kuumia ni kwamba kazi zenyewe sio ngumu sana, shida ni mpangilio, uanze na kipi.

Kwetu ni Mwanza, ndani kidogo ukiacha ile barabara ya Igombe, Kayenze hadi Nyanguge. Unaanza na luseni, ule mchanga unaomeza tairi, alafu unashuka mbuga, udongo mweusi ambao kiangazi unapasuka mipasuko ya kutumbukiza mguu na zikipiga mvua mbili za maana unageuka gundi. Vuli yetu ni Oktoba mpaka Desemba. Mbuga ikishalowa fundi haji, dizeli haiji, na kipuri ulichosahau kununua ndo kitakufa wiki hiyo hiyo.

Ndo maana nasema anza na pikipiki. Wengi wanakimbilia mashine sababu ndo kubwa na ndo inaingiza hela, ila mashine kuukuu lazima itakutuma mjini tu, iwe gasketi, iwe nozo ya kupulizia dizeli, iwe mkanda, na ukitumwa mjini na pikipiki ambayo haijaguswa tangu Julai unakuwa na wagonjwa wawili badala ya mmoja.

Ya kwetu ni Honda CG125 ya kitambo. Injini ya aina hii ilitoka 1976, valvu zake zinasukumwa na vijiti kwaiyo hamna cheni ya taimingi ya kulegea, na Wachina wameinakili sana, pikipiki nyingi za bodaboda za mwanzo mwanzo zilikuwa na injini ya ukoo huu. Raha yake ni kwamba vipuri vingi vinaingiliana. Kama una Boxer au nyingine usijali, hatua karibu zote ni zile zile.

Mwaga petroli iliyolala. Chini ya kabureta kuna skrubu ndogo ya kutolea mafuta, kinga chupa, fungua, kitoke chote kilichomo kwenye kibakuli, utaona maji chini na uchafu kama majani ya chai. Watu wanaruka hii hatua alafu wanapiga kiki mpaka goti linavimba. Kisha toa plagi uiangalie uso wake, ikiwa ya kahawia pikipiki ina afya, ikiwa nyeusi kavu masizi matupu basi inakula mafuta mengi au filta ya hewa imeziba, ikiwa nyeusi alafu imelowa oili hapo ringi za pistoni zinakuaga taratibu, anza kuweka hela pembeni. Mwanya wa plagi uwe 0.6 mpaka 0.7 mm, na kama huna kipimo chukua bledi ya msumeno wa chuma, unene wake ni karibu hapo hapo, ipite bila kulazimisha.

Cheni. Naomba hapa nigombe kidogo. Kumwagia cheni oili chafu ya injini alafu ukaingia luseni ni sawa na kuipaka msasa, mchanga unanasa kwenye oili unasaga pini na sproketi kwa pamoja. Isugue kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, ifute, iache ikauke, ndo upake oili kiasi na ufute ya ziada kwa kitambaa. Ilegee kama sentimita 2 katikati, na uzungushe gurudumu upime sehemu tatu nne, maana cheni kuukuu haivutiki sawa, utakuta hapa imelegea hapa imekaza, wewe fuata pale ilipokaza zaidi. Oili ya injini badilisha, inaingia kama lita moja, haina haja ya kuibania.

Alafu madigadi ya mbele. Kama imelala karibu na tairi ipandishe, au ing'oe kabisa kwa msimu wa mvua. Udongo wa mbuga unajishindilia kati ya madigadi na tairi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka, unajikuta unaburuza pikipiki kama mkokoteni katikati ya pori. Mi natembea na kijiti kigumu nimekifunga kwenye keria, kila baada ya hatua mia nashuka nachokonoa. Inachekesha mpaka ikukute.

Haya, mashine.

Hii ya mzee ni Lister ya silinda moja, hospawa 8, inayozungusha kinu cha nyundo, yaani vyuma bapa vinavyozunguka ndani na kuponda nafaka. Lister zenyewe zilikuwa zinatengenezwa Dursley, Uingereza, ila India wamezinakili miaka mingi na nadhani hii yetu ni ya huko, kibati cha jina kilishang'oka zamani. Inakimbia mizunguko 850 tu kwa dakika. Pikipiki imesimama tu inanguruma iko kwenye 1,400 hivi, kwaiyo hebu fikiria jinsi huyu mzee wa chuma alivyo mpole, na ndo maana anadumu. Umeme ulishafika kijijini na kuna jamaa ana kinu cha mota, ila msimu wa radi umeme ukikatika siku mbili tatu, foleni ya madebe inahamia kwetu.

Usianze kwa kuiwasha. Hilo ndo kosa. Anza kwa kuizungusha na mkono ukiwa umenyanyua kile kiwiko kinachoachia valvu, ili isibane upepo. Sikiliza. Inatakiwa iende laini kote. Ikikwama sehemu usilazimishe, mara nyingi ni valvu imenata kwenye njia yake, dondoshea dizeli kidogo kwenye shina la valvu, kanywe chai, rudi ugonge taratibu na kipande cha mti, sio nyundo. Hapo hapo juu paka oili kwa mkono kwenye roka, zile zinazokandamiza valvu, na vijiti vyake, oili ya chini haifiki huko. Na ile ya chini pima na kijiti chake, sababu humu ndani hamna pampu ya kusukuma kwa nguvu kama kwenye gari, kuna kijiko kwenye koni rodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, kinachota oili na kuirusha, oili ikishuka kijiko kinachota hewa.

Maji ya kupoozea yetu yanatoka kwenye pipa la lita 200 lililowekwa juu kidogo, ya moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka, hamna pampu wala nini. Hakikisha pipa limejaa kupita bomba la juu, likiwa chini ya hapo mzunguko unakata na injini inachemka huku we unaona pipa lina maji unashangaa.

Sasa hewa. Asilimia kubwa ya "mashine imekufa" ni hewa kwenye njia ya dizeli. Kwanza fungua chini ya tenki maji yatoke. Alafu legeza nati ya kwenye filta, acha dizeli itoke na mapovu mpaka itoke safi bila povu, kaza. Nenda nati ya kwenye pampu, hivo hivo. Mwisho sukuma kiwiko cha pampu kwa mkono, na hapa weka sikio karibu na kichwa cha injini, nozo ikiwa nzima utasikia inakoroma, krrk, krrk, kila ukisukuma. Mzee anaita "kukohoa". Asiposikia hiyo sauti hashiki hata hendeli ya kuwashia. Ukihitaji kuitoa nozo nje uone inavyopuliza, ielekeze mbali na watu na usithubutu kukinga kiganja, dizeli inatoka na presha ya kupenya ngozi, unaona kitundu kama cha sindano kumbe mafuta yako ndani ya nyama, hiyo ni hospitali moja kwa moja siku hiyo hiyo.

Kuwasha: nyanyua kile kiwiko cha valvu, shika hendeli, na kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikumbatie chuma. Mi nilikumbatia mwaka fulani, ikarudi nyuma, kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili na mama akawa ananilisha kama mtoto mbele ya shemeji zangu. Zungusha, ongeza kasi, flaiwili, lile gurudumu zito la pembeni, ikishakolea unaiskia nzito inakuvuta yenyewe, hapo angusha kiwiko. Inapiga mara moja kwa kishindo, tuf, unadhani imezima, alafu tuf tena, tuf tuf, toa hendeli ondoka pembeni. Mlango na madirisha ya kibanda yawe wazi, moshi wa ekzosi kwenye chumba kilichofungwa unaua kimya kimya. Na mtu mwenye kanga au shati lililoachia vifungo asisogee kwenye mkanda, hata kama ni mama mwenye mashine.

Iache ikimbie tupu robo saa kabla hujaweka mkanda. Angalia moshi. Mweusi ni mzigo mkubwa au hewa haitoshi, wa bluu inakula oili, mweupe unaotia machozi ni dizeli isiyoungua vizuri, mara nyingi nozo, ila ikiwa baridi asubuhi mpe dakika chache kabla hujamhukumu. Kwenye kinu fungua uangalie nyundo, zikilika kona moja huna haja ya kununua mpya, zigeuze utumie kona nyingine, ila geuza zote na zirudi kwa mpangilio ule ule, la sivyo kinu kitatetemeka kama kina homa.

Mwaka jana ikanipa kesi ambayo bado nikiikumbuka nacheka. Inawaka vizuri, inakimbia kama dakika kumi, inalegea inazima. Natoa hewa, inawaka, dakika kumi inazima. Nikaamini ni nozo. Nikaifunga kwenye soksi, nikaitia mfukoni, nikapanda Honda mpaka Nyakato, mjini, kwa fundi wa pampu. Safari yenyewe nilienjoi nisiseme uongo, asubuhi ya Oktoba barabara ya Kayenze unaona ziwa linang'aa kati ya yale majabali, wanawake wameanika dagaa, watoto wanakupungia, pikipiki niliyoisafisha cheni inaenda kimya kabisa. Fundi akaipima akanirudishia, "kijana, hii nzima." Nauli sikulipa ila petroli niliichoma. Nimerudi jioni nimekaa nimeikodolea macho, mzee akatoka na kiti chake, akafungua kifuniko cha tenki la dizeli, akakigeuza, akachomoa jiti la kiberiti akachokonoa kile kitundu cha kupumulia. Likadondoka tope kavu. Nyigu. Wale wanaojenga nyumba za udongo, walikuwa wamekiziba kitundu chote, kwaiyo dizeli ikishuka hewa haiingii, tenki linajivuta lenyewe mpaka mafuta yanagoma kushuka. Akarudisha kifuniko akasema "washa" akarudi kwenye redio yake.

Kwaiyo kitundu cha kifuniko cha tenki kiangalie kabla ya yote, na cha pikipiki pia, ugonjwa ni ule ule.

Zilizobaki nazipitia haraka sababu kila nyumba ina zake. Panda juu ya bati asubuhi kabla jua halijawa kali, kaza misumari, safisha mfereji wa kupeleka maji kwenye simtanki, na mvua ya kwanza iache ipite nje isiingie tanki, inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na mahindi viingie ndani vikiwa vimekauka kweli kweli. Samadi itoke zizini iende shambani sasa hivi mkokoteni bado unapita. Plau ikaguliwe, jembe lake likilika peleka kwa mhunzi kabla hajapata foleni, maana pamba watu wanaanza kupanda katikati ya Novemba na hapo kila mtu anakumbuka plau siku moja. Kuni zifunikwe. Na kama mama amekwambia "baba, lile bati la jikoni" zaidi ya mara mbili, lile bati lifanye kwanza kabla ya hata pikipiki, mpangilio wangu wote hauna nguvu hapo.

Ukimaliza kusaga jioni, zima mashine, subiri ekzosi ipoe, ifunike na kopo la maziwa mvua na nyigu wasiingie. Kwenye hendeli funga kitambaa chekundu cha kukukumbusha, maana mwezi wa kumi na moja mwaka jana nimeiwasha asubuhi kopo likiwa juu bado, likaruka likapitia dirishani likatua katikati ya kuku, na mpaka leo jogoo akisikia ile tuf ya kwanza anakimbilia kwa jirani.