Somo: Kuchapisha utafiti wa tiba kwenye jarida la wazi bila kuuza shamba

Wakuu, salaam. Jarida la wazi halimtozi msomaji. Gharama mara nyingi anabebeshwa mwandishi, na ankara ya dola elfu mbili au tatu si ajabu. Ndiyo maana habari ya pesa inamalizwa kabla mswada haujatumwa.

Hatua ya 1. Ingia DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Chuja kwa ada: yapo majarida yasiyomtoza mwandishi hata senti.

Hatua ya 2. Kama jarida ulilolipenda linatoza, soma ukurasa wake wa msamaha wa ada. Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wachapishaji hawana kipimo kimoja. Wengine wanafuata makundi ya nchi ya Research4Life (mpango wa kuzipatia nchi za kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu), wengine mapato ya nchi kwa hesabu za Benki ya Dunia. Kwa hesabu hizo Kenya iliingia kipato cha kati cha chini mwaka 2014, Tanzania Julai 2020. Kwa hiyo msamaha kamili aliopata mwenzako wa Tanzania mwaka 2018, wewe unaweza kupewa punguzo tu. (Mishahara yetu haikupata habari hiyo.) Omba wakati wa kutuma mswada. Wachapishaji wengi hawasikilizi ombi linalokuja baada ya makala kukubaliwa.

Hatua ya 3. Leseni, yaani ruhusa unayowapa wengine kutumia makala yako. CC BY (ya Creative Commons) inamruhusu yeyote kunakili, kutafsiri, hata kuuza kazi yako, mradi akutaje. CC BY-NC inazuia biashara. Wellcome, wafadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza, kwa mfano, wanataka CC BY, basi soma mkataba wa mfadhili kwanza. Na kama makala ina picha ya mgonjwa, fomu ya ridhaa iwe imemweleza kwamba picha itasambaa bila kizuizi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeandikiwa barua pepe, wananiita profesa mashuhuri na wanaahidi kunichapisha ndani ya siku tano. Mimi bado niko intaniship.

Jibu: Hao wanataka hela yako, daktari. Wahakiki wa kweli hawamalizi kazi kwa siku tano. Chukua jina la mhariri mmoja kwenye tovuti yao, mwandikie kwa anwani ya chuo chake, umuulize kama analijua jarida hilo. Ukishachapisha huko, majarida ya maana hayatapokea tena makala hiyo.

Swali: Mwandishi wetu wa mawasiliano (anayewasiliana na jarida kwa niaba yetu) yuko Uingereza. Msamaha tutapata?

Jibu: Wachapishaji wengi huangalia nchi yake yeye, wengine ya waandishi wote. Ila mwambieni aulize maktaba ya chuo chake, huenda kina mkataba na mchapishaji na hamtalipa kitu.

Swali: Mradi wetu unafadhiliwa na Gates Foundation, si watalipa?

Jibu: Tangu 2025 hawalipi tena ada hizo. Wanataka nakala ya awali (preprint, mswada kabla ya uhakiki) iwekwe wazi.

Swali: Nilishachapisha kwenye jarida ambalo msomaji ndiye analipia. Naruhusiwa kuweka PDF kwenye hifadhi ya chuo?

Jibu: PDF iliyopangwa na jarida, kwa kawaida hapana. Weka mswada wako wa mwisho uliokubaliwa baada ya uhakiki, ule wa Word. Majarida mengi yanauruhusu, baadhi baada ya miezi 6 au 12. Angalia sera yao kwanza.